Kikulacho Ki Nguoni: Mjadala wa Kamera Kifuani mwa Keshia

MENEJA: Nianze na kofi, maana ndilo lililotukalisha hapa. Mteja alidai chenji yake imepungua shilingi mia mbili. Keshia akamwonyesha risiti, wakabishana, mkono ukainuka. Kamera ya darini ilionyesha vichwa viwili na kiganja kikipita. Neno hata moja haikunasa. Mteja akashikilia kwamba alitukanwa kwanza, keshia akakana, nami nikabaki na picha bubu. Kamera inayovaliwa kifuani ingesikia. Nataka kumi na mbili: moja kwa kila keshia wa zamu na mbili za walinzi wa mlangoni. Wala si jambo nililolizua mimi. Uingereza, mwaka 2023, Lidl ilitangaza kuzipeleka katika maduka yake yote ya nchi hiyo, zaidi ya 950, kwa gharama ya pauni milioni 2. Mwaka huohuo Tesco ikasema mashambulio dhidi ya wafanyakazi wake yameongezeka kwa theluthi moja ndani ya mwaka, nao wakapewa kamera. Jumuiya ya wauzaji rejareja ya huko, BRC, ilihesabu visa zaidi ya 2,000 kwa siku vya matusi, vitisho na vipigo katika mwaka wa 2023/24. Mwaka wa 2019/20 vilikuwa 455 kwa siku. Wenzetu wamefika huko. Sisi tunangoja nini?

KESHIA: Aliyepigwa kofi ni mimi, meneja. Umelisimulia kana kwamba lilimpata mtu asiyekuwepo. Lilinipata shavu la kushoto, saa kumi na mbili jioni, foleni imefika mpaka kwenye friji za maziwa, na mtoto wa jirani yangu alikuwa wa tatu kwenye foleni hiyo. Na mimi huyohuyo ndiye ninayesema: kamera hiyo usinibandike.

MENEJA: Hapo ndipo sikuelewi, dada. Aliyeumwa na nyoka hapewi fimbo akaikataa.

KESHIA: Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, bosi. Mteja yule alisimama mbele yangu dakika nne. Mimi hukaa pale saa tisa. Utanunua kamera kwa ajili ya zile dakika nne, lakini itashinda nami saa zote tisa. Itakuwapo nikimpigia mama kuuliza kama homa ya mtoto imeshuka. Itakuwapo mwenzangu wa kaunta ya tatu akininong'oneza kwamba mwezi wa pili huu hajalipwa saa za ziada. Itakuwapo karatasi ya kujiunga na chama cha wafanyakazi ikipitishwa kwenye benchi la stoo. Mwenye fujo ni mteja, anayevalishwa ni mimi.

MENEJA: Itawaka ukibonyeza. Usipobonyeza, imelala.

WAKILI: Neno hilo "imelala" tulichunguze. Kamera nyingi za aina hii zikiwa tayari hurekodi na kujifuta papo hapo. Huhifadhi nusu dakika au zaidi ya nyuma, ili mvaaji akibonyeza, kilichotangulia kisipotee. Ni mpango mzuri kwa sababu ugomvi hauanzi na kofi. Lakini maana yake ni kwamba jicho liko wazi wakati wote. Tena hayo hupangwa na aliye na nywila ya programu. Anaweza kuamua irekodi kwa kitufe, au irekodi mfululizo tangu zamu ianze mpaka iishe. Mara nyingi mvaaji hana uwezo wa kufuta, wala wa kutazama. Jioni anaichomeka kwenye chaja yake, picha zinahamia kwenye hifadhi ya kampuni, na yeye anakwenda zake nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo swali la kitufe ni dogo. Kubwa ni la nywila.

MLINZI: Mimi naomba niseme kabla hatujazama kwenye nywila, kwa sababu hapa kila mtu anaiogopa kamera, na mimi kamera iliniokoa. Nilikuwa kwenye duka jingine, si hili. Katoni mbili za mafuta ya kupikia zilipotea stoo. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Sikuulizwa mara mbili, nikasimamishwa, mshahara ukasimama. Mke wangu alikopa unga kwa mama mwenye kibanda mpaka akaona haya kupita njia ile. Siku ya kumi na tisa mtu akakaa kutazama kamera, akaona katoni zangu zikipakiwa kwenye gari la msambazaji pamoja na makreti matupu ya soda. Kosa la vijana wa kupakia. Nikarudishwa kazini. Bila ile picha ningekuwa mwizi mpaka leo, na wanangu wangekuwa wana wa mwizi. Kwa hiyo mwanangu, ukisema hutaki kamera, nakusikia, lakini mimi siwezi kusema hivyo.

KESHIA: Pole, mzee wangu. Nakuuliza kwa heshima: ile picha ilipatikana siku ya kumi na tisa?

MLINZI: Ndiyo.

KESHIA: Au ilitazamwa siku ya kumi na tisa?

MLINZI: Ilitazamwa. Ilikuwepo tangu siku ya kwanza, hilo ni kweli.

KESHIA: Na wewe uliomba itazamwe?

MLINZI: Kila asubuhi. Nilikuwa nikifika mpaka getini, wananiambia anayehusika hayupo.

KESHIA: Basi hata picha ya kukutoa hatiani haikuwa yako. Kampuni ingeihitaji kukutia hatiani, ingetazamwa saa hiyohiyo. Ulipoitaka wewe, ilichukua siku kumi na tisa na heshima ya nyumba yako.

MENEJA: Mfano mmoja wa duka lililoendeshwa vibaya si hoja dhidi ya chombo chenyewe. Na mimi niseme waziwazi jambo ambalo wenye maduka husema tukiwa peke yetu. Hasara haitoki mlangoni tu. Kuna keshia anayepitisha bidhaa tano na kuskani tatu kwa sababu aliye mbele yake ni shemeji. Kuna anayefuta mauzo mteja akishaondoka na kuweka noti mfukoni. Kikulacho ki nguoni mwako. Hispania kulikuwa na supamaketi, mwaka 2009, ambayo kwa miezi mitano mfululizo mali iliyopotea ilikuwa ya maelfu ya yuro kila mwezi. Meneja akaweka kamera za wazi milangoni na za siri juu ya kaunta. Wafanyakazi 14 wakafukuzwa. Kesi ikafika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na mwaka 2019 majaji 14 dhidi ya 3 wakasema faragha ya makeshia wale haikuvunjwa. Tena zilikuwa kamera za siri! Mimi hapa naja na kamera ya wazi, yenye taa nyekundu, ninayoizungumza mbele yenu.

KESHIA: Ahsante, meneja. Ulipoanza, kamera ilikuwa ya mteja anayepiga kofi. Sasa ni ya shemeji yangu. Hatujamaliza hata robo ya mazungumzo, na jicho limeshageuka. Na hiyo methali umeichukua vizuri kuliko ulivyokusudia, kwa maana kitakachobanwa nguoni mwangu, juu ya moyo, tangu asubuhi mpaka jioni, ni hiyo kamera. Kikulacho ki nguoni mwako: ni mimi ninayepaswa kuisema.

WAKILI: Kesi hiyo ya López Ribalda naijua, na meneja ameieleza nusu. Mahakama ilisema mwajiri alikuwa na shaka nzito yenye takwimu, kamera za siri zilikaa siku kumi tu, waliotazama walikuwa wachache, na picha hazikutumiwa kwa jambo jingine. Hukumu hiyo ilikuwa kipimo chenye masharti, haikutoa ruhusa ya jumla. Ukitaka kuona jicho linavyogeuka bila masharti, usitazame Hispania. Tazama Ujerumani mwaka 2008. Jarida la Stern lilichapisha kumbukumbu za wapelelezi waliotumwa kwenye maduka ya Lidl, hiyohiyo Lidl uliyoitaja. Sababu iliyotolewa ilikuwa wezi wa madukani, wateja. Kilichoandikwa na wapelelezi kilikuwa nani amekwenda msalani mara ngapi, nani anapendana na nani, nani hana pesa mpaka tarehe fulani. Kampuni ilitozwa faini ya karibu yuro milioni 1.5. Sisemi kwamba Lidl ya Uingereza ya 2023 inafanya hayo. Nasema wapelelezi wa Ujerumani nao waliingia dukani kwa jina la mwizi wa nje.

MENEJA: Na sheria ikawakamata, wakalipa. Ndiyo hoja yangu. Kenya nayo ina sheria. Tuna Katiba ya 2010, tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, tuna kamishna. Septemba 2023 baa moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Nikikosea, mnajua pa kwenda. Hamwezi kukataa chombo kwa kuogopa dhambi ambayo sijaitenda.

WAKILI: Unajua kikomo cha faini yenyewe? Shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, na kinachochukuliwa ni kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kwa kampuni yenye matawi arobaini hiyo ni gharama ya kukarabati sehemu ya kuegesha magari. Na aliyepigwa picha kwenye baa alikuwa mteja. Angeweza kutorudi tena pale. Keshia hawezi kutorudi. Utamletea karatasi ya idhini, atatia saini, na kila mtu atasema alikubali. Mtu mwenye kodi ya nyumba ya tarehe tano anatia saini chochote. Ndiyo maana sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri, kabla ya kuanzisha jambo zito namna hii, afanye tathmini ya madhara kwa wanaohusika. Umeifanya?

MENEJA: Ofisi kuu inaiandaa.

WAKILI: Keshia hata mmoja ameulizwa?

MENEJA: Ndiyo tunaulizana sasa.

MWANDISHI: Niwakatize kidogo. Mnasema picha, picha, na kinachonitisha mimi ni sauti. Darini tumezoea kutazamwa, mpaka tumesahau. Lakini neno la mtu halijawahi kuhifadhiwa hapa dukani. Na kaunta ya Mombasa si mahali pa bidhaa na pesa tu. Mwanamke mwenye nikabu huisogeza kidogo mbele ya keshia mwanamke mwenzake ili wasikizane. Mama mkwe huuliza kwa sauti ya chini bei ya dawa ya minyoo. Mtu huomba kitu kimoja kirudishwe kwenye rafu kwa sababu salio la M-Pesa halikutosha, na keshia mwenye adabu hukirudisha bila kumwaibisha. Kofi moja limetufikisha kwenye kuhifadhi yote hayo?

MENEJA: Hayo yatafutwa kila baada ya siku thelathini. Hakuna mtu mwenye muda wa kusikiliza dawa ya minyoo.

WAKILI: Leo hakuna. Kampuni ya H&M, kituo chake cha Nuremberg, Ujerumani, wasimamizi walikuwa wakiandika walichosimuliwa na wafanyakazi waliporudi kazini: ugonjwa waliougua, matatizo ya nyumbani, imani za dini. Viliwekwa kwenye kompyuta, wasimamizi wapatao hamsini wakaweza kuvisoma, na baadaye vikatumika kuamua mambo ya ajira. Yaligunduliwa Oktoba 2019, kwa hitilafu ya mtambo iliyoyafungua kwa kampuni nzima kwa saa kadhaa. Faini ilikuwa yuro milioni 35.3. Nao walianza na mazungumzo ya kirafiki tu, hawakuhitaji hata kamera.

MENEJA: Sawa. Basi tujadili jambo ambalo keshia mwenyewe analilia kila mwisho wa mwezi. Droo ikipungua elfu mbili, leo tunafanyaje? Zamu ile wanagawana hasara. Asiyeiba analipa na aliyeiba analipa. Wangapi wamekuja ofisini kwangu na machozi? Kamera ya kifuani itaonyesha kila noti iliyopita, mkono hadi mkono. Atatafutwa mwenyewe, na wengine watalala na mshahara wao mzima. Hiyo si haki?

KESHIA: Hiyo inanigusa, sikatai. Mwezi wa tatu nilikatwa mia nane za droo ambayo sikuigusa, kwa kuwa tu nilikuwa zamu hiyo. Kwa hiyo mara ya kwanza uliponiambia hivyo nilikaribia kukubali. Kisha nikarudi nyumbani nikafikiri: kugawana hasara nani alikuanzisha? Sisi?

MENEJA: Ni utaratibu uliokuwepo.

WAKILI: Utaratibu ambao sheria haiutambui. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kumkata mfanyakazi kwa upungufu wa pesa uliotokana na uzembe wake au kukosa uaminifu kwake, tena awe ni mtu ambaye mkataba wake umemkabidhi pesa hizo waziwazi. Wake yeye, si wa zamu nzima. Tanzania, sheria yao ya mwaka 2004 inaweka hata kikomo: makato yasizidi robo ya ujira. Kwa hiyo, meneja, unampa keshia kamera kama fidia ya kosa ambalo unaweza kuliacha leo jioni bila kununua chochote.

KESHIA: Ndiyo hivyo. Niachie kwanza mia nane zangu, kisha uje na kamera.

MLINZI: Hapo mmemshika, lakini mimi bado niko mlangoni. Nyie mnazungumza droo. Mimi nazungumza kijana aliyeingia na kisu cha kukatia boksi mwaka jana, na wale wanaokuja watatu watatu, mmoja akiuliza bei na wawili wakijaza mkoba. Mimi nina rungu na filimbi. Je, hiyo taa nyekundu itawarudisha nyuma au haitawarudisha? Nijibiwe hilo.

MENEJA: Itawarudisha. Mtu akijua anarekodiwa hujizuia. Marekani, kampuni ya TJX, yenye maduka ya T.J. Maxx na Marshalls, ilisema hivyo mwaka 2024, kwamba kamera zinapoza mambo. Walmart nayo ikaanza kuzijaribu. Na polisi wa Rialto, California, walipozivaa kwa mwaka mmoja kuanzia 2012, malalamiko dhidi yao yalishuka kwa karibu asilimia 90.

WAKILI: Rialto ni mji mdogo, na yaliyoshuka ni malalamiko ya raia dhidi ya polisi. Maana yake aliyejirekebisha huenda ni mvaaji. Hilo ni muhimu mno kwa mjadala wetu: kamera ikimbadilisha mtu, humbadilisha kwanza aliyeivaa. Washington walijaribu kwa polisi zaidi ya 2,000, matokeo yakatoka 2017, na hawakupata tofauti ya maana. Na utafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge pamoja na RAND Europe, mwaka 2016, ulikuta polisi wenye kamera wakishambuliwa kwa asilimia 15 zaidi ya wasio nayo. Sababu bado inabishaniwa. Huenda wenye kamera waliripoti zaidi kwa kuwa sasa wana ushahidi, huenda kuna watu wanaokasirishwa na kurekodiwa. Lakini mzee, ukiniuliza kama taa itamrudisha kijana mwenye kisu, kwa dhamiri yangu siwezi kukuambia ndiyo.

MLINZI: Mlevi haoni taa. Mwenye njaa haoni taa.

KESHIA: Na aliye na uwezo anaiona, haimhusu.

MENEJA: Una maana gani?

KESHIA: Nitafika.

WAKILI: Stuart Appelbaum, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa maduka huko Marekani, aliliweka sawa: kamera haiingilii kati. Mtu akikushambulia, inabaki kutazama. Chama chake kilipigania kitu kingine. Septemba 2024 gavana wa New York alitia saini sheria ya usalama wa wafanyakazi wa maduka: mafunzo ya kutuliza ugomvi, mpango wa kuzuia vurugu, na kwa kampuni kubwa, kitufe cha kuita msaada. Kitufe kinachomleta mtu, si kinachowasha taa. Uskoti walitunga sheria mwaka 2021 ya kufanya shambulio dhidi ya mfanyakazi wa duka kuwa kosa linalojitegemea. Hapa kwetu, saa mbili usiku, keshia sita na mlinzi mmoja mlangoni. Bei ya kamera kumi na mbili pamoja na ada ya hifadhi kila mwezi ingelipa walinzi wangapi?

MENEJA: Mlinzi wa pili wa usiku ni mshahara kila mwezi, milele. Ofisi kuu hainipi.

MLINZI: Sawa, lakini na mimi msinisahaulishe jambo. Nyote mnaikumbuka Westgate, lile jengo la maduka la Nairobi lililovamiwa na magaidi. Tarehe 21 Septemba 2013, watu 67 waliuawa, na ndani ya lile jengo kulikuwa na duka la Nakumatt. Kamera za dukani zilinasa wanajeshi wakitoka na mifuko. Kwanza tukaambiwa ni maji ya kunywa. Mwishoni mwa Oktoba mkuu wa majeshi akasema askari wawili wamefukuzwa na kufungwa. Mimi ni mlinzi, najua mali ikipotea lawama humwangukia nani. Zisingekuwapo zile kamera, nani angemsikiliza mtu wa rungu na filimbi dhidi ya mwanajeshi? Mnyonge hana shahidi mwingine. Mkiitoa kamera, mmemwachia mkubwa aseme alichotaka.

KESHIA: Mzee, hapo nami nakubaliana nawe kabisa. Lakini zile picha zilitoka nje, dunia ikaziona. Zingebaki kwenye chumba cha kamera tungekuwa tunaambiwa maji mpaka leo. Mimi sikatai shahidi. Nataka shahidi ambaye hata mimi nikimwita, anaitika.

MENEJA: Basi sema masharti yako. Nayaandika.

KESHIA: Kitufe kiwe changu, isirekodi mpaka nibonyeze. Nikinyanyaswa kazini, niweze kukibonyeza hata mbele yako. Picha zitazamwe watu wawili wakiwepo, mmoja wa ofisi na mmoja wa chama. Nikiomba nakala nipewe ndani ya siku tatu. Na kilichorekodiwa kwa ajili ya mteja kisitumike kunifukuza mimi.

MENEJA: La kwanza nakubali. La pili... mbele yangu mimi, wakati gani?

KESHIA: Unaponiita ofisini kunihoji. Unaponiambia tia saini hapa au kesho usije.

MENEJA: Ofisini kuna siri za biashara. Mikataba na bei za wasambazaji ziko mezani.

KESHIA: Na kaunta yangu ina siri zangu.

MENEJA: Hilo tutaliangalia. Wawili kutazama, nitauliza ofisi kuu. Nakala, nitauliza. Lakini la mwisho siwezi, dada, na sitakudanganya kwamba naweza. Natazama picha ya mteja mkorofi, nyuma yake namwona keshia anaweka elfu moja kwenye soksi. Nifumbe macho? Mwenye duka akiniuliza nimwambie niliona nikanyamaza? Hakuna meneja duniani atakayetia saini hilo. Na wewe mwenyewe, unayefanya kazi yako kwa uaminifu, kwa nini umkinge mwizi?

WAKILI: Sheria inasema taarifa iliyokusanywa kwa lengo fulani lililotajwa isitumiwe kwa jambo lisiloendana na lengo hilo. Lakini nikiri kwamba uhalifu ulioonekana wazi ni mahali pagumu. Wapo wanaoandika kwamba wizi wa dhahiri utaripotiwa, lakini kuchelewa dakika tano, kuzungumza, kukaa, msalani, hayo hayagusiki. Mpaka wenyewe huchorwa kwenye meza ya majadiliano, na aliye na nguvu mezani ndiye hushika kalamu.

KESHIA: Umeuliza swali la haki, meneja, kama ufumbe macho. Nami nakuuliza. Jioni ile ya kofi, ulifumba au ulifumbua?

MENEJA: Nilikwisha sema. Picha haikuwa na sauti.

KESHIA: Hukusema yote. Ulishuka kutoka ofisini, umeshatazama kwenye skrini, kiganja umekiona. Ukanichukua kando ukaniambia nimwombe msamaha. Nikamwomba, shavu likiwa bado moto. Ukampa vocha ya elfu tatu. Yule bwana hununua vitu vya hoteli yake hapa, mifuko ya mchele na katoni za sabuni kila Jumatatu, kila mtu anamjua. Hukukosa ushahidi.

MLINZI: Gari lake nililifungulia geti mimi. Kesho yake alikuja tena.

MENEJA: Nisikilizeni. Ni kweli, niliogopa kumpoteza. Ana ankara ya laki nne kwa mwezi, na mimi nina shabaha ya mauzo iliyoandikwa na mtu ambaye hajawahi kunisalimia. Lakini alisema alitukanwa, na sikuwa na la kumjibu. Sauti ingekuwapo, ningemwekea mezani. Ningekuwa na kitu cha kunisimamisha. Hamwezi kuniambia kwamba hilo ni bure. Mimi pia ni mtu wa kuajiriwa.

KESHIA: Nakuamini kwamba uliogopa. Hiyo picha bubu basi, ya kiganja. Iko wapi?

MENEJA: Imejifuta. Siku thelathini zimepita.

KESHIA: Niliiomba siku ya tatu.

WAKILI: Kifungu cha 26 cha sheria ya data kinampa haki ya kuipata. Alikuomba?

MENEJA: Labda aliniambia kwa mdomo. Watu hunisimamisha ukumbini kwa mambo mengi.

KESHIA: Niliandika barua, nakala mbili. Moja ilibaki kwa karani wako, nyingine ninayo, imepigwa muhuri wa duka.

WAKILI: Ina tarehe?

KESHIA: Ina tarehe, na saa.

WAKILI: Naomba niione.